Je, Wajua? Kipya Kinyemi, Hata Kikifuka Moshi

Je, wajua kwamba waliowahi kununua iPhone ya kwanza kabisa ndio walioumia? Simu hiyo iliingia madukani Marekani tarehe 29 Juni 2007, na ile ya GB 8 iliuzwa dola 599. Tarehe 5 Septemba, miezi mitatu haijatimia, Apple ikaishusha hadi dola 399. Kelele zilikuwa nyingi hata kesho yake mkuu wa kampuni, Steve Jobs, akaandika barua ya wazi kwa wateja na kuwapa waliotangulia hati ya dola 100. Hati yenyewe ilikuwa ya kutumia kwenye maduka ya Apple tu, kwa hiyo hata ule mkono wa pole ulirudi kwa aliyeutoa.

Je, wajua kwamba wapo walioumia zaidi? HTC First, simu iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Facebook, ilianza kuuzwa Marekani Aprili 2013 kwa dola 99 pamoja na mkataba wa mtandao wa AT&T. Mwezi mmoja baadaye ilikuwa senti 99. Amazon ilileta Fire Phone Julai 2014 kwa dola 199 za mkataba. Septemba, senti 99 vilevile. Mwaka huo Amazon ilitangaza hasara ya dola milioni 170, sehemu kubwa ikitokana na simu hiyo. Essential Phone ya Andy Rubin, mmoja wa waasisi wa Android, ilitoka Agosti 2017 kwa dola 699, na kufikia Oktoba ilikuwa dola 499. Mwaka 2020 kampuni yenyewe ilifunga milango.

Na simu za Kin za Microsoft? Zilitoka Mei 2010. Tarehe 30 Juni mwaka huohuo zikazikwa.

Je, wajua kwamba simu inaweza kuwa ya kizamani kabla hujabandua nailoni ya kiwandani? Nokia Lumia 900 ilianza kuuzwa Marekani Aprili 2012, ikisifiwa kwamba ndiyo itakayoirudisha Nokia kwenye soko la nchi hiyo. Tarehe 20 Juni Microsoft ikatangaza Windows Phone 8, na papo hapo ikasema simu zote zilizokwisha kuuzwa hazitaupata mfumo huo. Lumia 900 ilikuwa miongoni mwao. Watu waliolipa pesa nzuri Aprili walijikuta Juni wameshika mwisho wa barabara.

Je, wajua ni nini hasa kilichokuwa kinaiwasha Galaxy Note 7? Wengi husema “betri mbovu” na kuishia hapo, ilhali zilikuwa betri mbovu mbili, kila moja kwa ubovu wake.

Simu ilianza kuuzwa tarehe 19 Agosti 2016, na tarehe 2 Septemba, wiki mbili tu baadaye, Samsung ikasimamisha mauzo na kutangaza kwamba itabadilisha simu milioni 2.5 duniani kote. Betri ya lithiamu ina tabaka mbili, chanya na hasi, zilizoviringishwa pamoja na kutenganishwa na utando mwembamba sana. Zikigusana, joto hupanda ghafla na moto hufuata. Katika betri za mtengenezaji wa kwanza, kona ya juu ya mfuko wa betri ilikuwa finyu mno, ikaikunja tabaka hasi na kuiharibu. Wateja wakarudisha simu zao, wakapewa nyingine zenye betri kutoka kwa mtengenezaji wa pili. Alama ya betri kwenye kioo ilipakwa kijani ili kila mtu ajue kwamba hizi ni salama.

Hazikuwa salama. Tarehe 5 Oktoba mojawapo ya hizo za kubadilishiwa ilianza kufuka moshi ndani ya ndege ya shirika la Southwest iliyokuwa bado uwanjani Louisville, Kentucky, na abiria wote wakashushwa. Betri za pili zilikuwa na vinundu vya kulehemu vilivyotoboa utando, na baadhi hazikuwa hata na utepe wa kuzuia umeme. Tarehe 11 Oktoba Samsung ikaachana na Note 7 moja kwa moja. Tarehe 15 Oktoba serikali ya Marekani ikaipiga marufuku kwenye ndege zote nchini humo, iwe mfukoni au ndani ya begi. Wateja walitumiwa maboksi yanayohimili moto ya kurudishia simu, na glavu ndani yake. Kwa waliong'ang'ania kubaki nazo, Desemba mitandao ya Marekani ilianza kusambaza sasisho lililozizuia kabisa kuchaji.

Januari 2017 Samsung ikaeleza ilivyochunguza: watafiti wapatao 700, simu 200,000, betri 30,000. Kampuni ilitaja idadi hizo kwa fahari. Mimi huzisoma kwa jicho jingine, maana uchunguzi wa ukubwa huo ulifanyika baada ya wateja kuwa wameshalala na simu hizo chini ya mito yao.

Sehemu inayosahaulika ni hii: Julai 2017 simu ileile, ikiwa imejengwa kwa vipuri vilivyobaki, iliuzwa tena Korea Kusini kwa jina la Note FE. Betri ilipunguzwa kutoka mAh 3,500 hadi 3,200, na bei ikashuka. Aliyesubiri mwaka mmoja alipata kalamu ileile na kamera ileile kwa pesa pungufu.

Je, wajua kwamba Galaxy Fold, simu ya kwanza ya kukunjwa ya Samsung, iliahirishwa siku nne kabla ya kuingia sokoni? Ilikuwa itoke Marekani tarehe 26 Aprili 2019 kwa dola 1,980. Waandishi waliopewa waijaribu waliiharibu ndani ya siku mbili tatu. Baadhi walibandua utando wa juu ya kioo wakidhani ni ile nailoni ya kawaida, kumbe ulikuwa sehemu ya kioo chenyewe. Nyingine ziliingiwa na uchafu kwenye bawaba. Ilitoka Septemba, kingo za utando zikiwa zimefichwa chini ya fremu. Hapa Samsung inastahili sifa kidogo: safari hii walioteketea ni waandishi, na simu hawakuzinunua.

Je, wajua kwamba iPhone 4 ya Juni 2010 ilipoteza mtandao kwa sababu ya kushikwa? Ukanda wa chuma unaoizunguka ndio uliokuwa antena, na kiganja kikiziba pengo la upande wa chini kushoto, mtandao ulishuka. Jobs alimjibu mteja mmoja kwa barua pepe kwamba aepuke kuishika hivyo. Tarehe 16 Julai kampuni ikalegea na kugawa makava ya bure.

Miaka minne baadaye, iPhone 6 ikiwa na siku tano tu madukani, Apple ilituma sasisho la iOS 8.0.1. Simu nyingi zilizolipokea zilikosa mtandao kabisa na zikashindwa kusoma alama ya kidole. Liliondolewa baada ya saa moja hivi, na dawa ikaja kesho yake. Huku kwetu, ambako simu ndiyo pochi, usiku mmoja bila mtandao ni nauli iliyokwama na duka lililofungwa.

Tukiwa kwenye alama za kidole: je, wajua kwamba kasoro nyingine hujitokeza simu ikiwa imeshazoeleka? Galaxy S10 ilitoka Machi 2019. Oktoba ndipo ilipogundulika Uingereza kwamba ikiwekewa aina fulani ya kava laini la kioo, inafunguka kwa kidole cha mtu yeyote. Benki ya NatWest iliiondoa programu yake kwa watumiaji wa S10 mpaka Samsung ilipotuma marekebisho. Miezi saba ya kujiamini.

Je, wajua kwamba siasa nazo huingia ndani ya boksi? Mei 2019 Marekani iliiweka Huawei kwenye orodha ya kampuni zisizoruhusiwa kuuziwa teknolojia yake bila kibali. Septemba Huawei ikazindua Mate 30 jijini Munich: kamera nzuri kupita kiasi, lakini hakuna Play Store, hakuna Gmail, hakuna YouTube ya kawaida. Aliyetazama picha za tangazo tu asingejua.

Na je, wajua kwamba fundi wako naye anaweza kukwama? iPhone 13 ilipotoka Septemba 2021, kubadilisha kioo nje ya mikono ya Apple kuliua Face ID, hata kama kioo ni halisi kilichotolewa kwenye iPhone 13 nyingine. Ilibidi fundi ahamishe chipu ndogo mno kutoka kioo cha zamani, kazi ya kutumia hadubini. Baada ya malalamiko, kizuizi hicho kilitolewa kwenye iOS 15.2. Ukiacha Apple, simu yoyote ya mwezi wa kwanza ina shida hiyo kwa namna yake. Spea za bei nafuu hazijafika Kariakoo, Dar es Salaam, na hakuna simu mbovu za aina hiyo za kunyofolea vipuri, kwa kuwa hazijapata muda wa kufa.

Lakini jambo hili ndilo ningependa lisomwe mara mbili. Visa vyote hapo juu, vya hati za dola 100, makava ya bure na maboksi ya glavu, vilimhusu mteja anayejulikana na muuzaji. Apple haina duka lake hata moja barani Afrika. Ina mawakala tu. Simu nyingi mpya zinazofika Mtaa wa Aggrey wa hukohuko Kariakoo au Luthuli Avenue ya Nairobi wiki ya uzinduzi zimeletwa kwenye begi na mfanyabiashara aliyepitia Dubai. Masharti ya Apple yanairuhusu kampuni kuibana huduma ya waranti ya iPhone kwenye nchi ilikouzwa. Kwa hiyo kasoro ile inayomgharimu mtu wa Chicago safari moja ya dukani, kwako inaweza kuwa hasara kamili, na muuzaji atakuonyesha kwa upole kibao cha “mali ikishauzwa hairudishwi”.

Je, wajua kwamba iPhone za Marekani tangu toleo la 14, Septemba 2022, hazina kabisa tundu la laini? Zinatumia eSIM pekee, yaani laini isiyo na kadi ya kuchomeka. Septemba 2025, iPhone 17 ikapanua orodha hiyo mpaka Ghuba: Oman, Falme za Kiarabu, Saudia, Qatar, Kuwait na Bahrain. Njia ileile wanayopita wafanyabiashara wetu, na wajomba wa Muscat wanaotuma zawadi. Kabla ya kulipa, tazama ubavuni. Za China bara ni kinyume: zimezoeleka kuwa na nafasi ya laini mbili za kawaida.

Je, wajua kwamba simu inayozungumzwa zaidi ndiyo inayoigwa zaidi? Kenya ilizima simu feki mwishoni mwa Septemba 2012. Tanzania ikafuata usiku wa tarehe 16 Juni 2016. Bonyeza *#06# upate namba ya IMEI, kisha itume kwa ujumbe kwenda 15090 ukiwa Tanzania au 1555 ukiwa Kenya. Jina la simu litakalorudi lisipolingana na lililo kwenye boksi, ondoka tu, usibishane.

Wanaonunua kwa mkopo, kama ule wa Lipa Mdogo Mdogo wa Safaricom au wa M-Kopa, wajue kwamba simu hufungwa kwa mbali malipo yakikatika. Bei dukani ikishuka mwezi wa tatu, deni lako halishuki nayo.

Ila je, wajua kwamba hata kusubiri kuna gharama yake? Google iliahidi Pixel 8 masasisho ya miaka saba, na Samsung ikafuata kwa Galaxy S24 Januari 2024. Kwa Pixel, miaka hiyo huhesabiwa tangu simu ilipoanza kuuzwa Marekani, wala haitazami tarehe ya risiti yako. Uinunue leo, uinunue mwakani, saa ya Pixel 8 inasimama Oktoba 2030.