Muuaji Tunamjua Tangu Mwanzo: Kwa Nini Columbo Bado Anatazamika

Tamthilia nyingi za upelelezi zinaishi kwa swali moja tu: nani ameua? Mtazamaji anakaa saa nzima akimshuku mtumishi, mara mjomba, mara mke mdogo, na jibu likishatoka basi, mchezo umekwisha. Ndiyo maana kwenye kibanda umiza au chumba cha hosteli, mtu anayetangulia kumtaja muuaji anaweza kufukuzwa nje. Kamaliza uhondo. Ukishajua ni nani, ile DVD inabaki kuwa kisahani cha kuwekea kikombe.

Columbo ni tamthilia ya Marekani ambayo uhondo wake hauwezi kumalizwa kwa njia hiyo. Muuaji unaonyeshwa mwanzoni kabisa. Unamwona akipanga, akiua, akifuta alama, akitengeneza ushahidi kwamba muda ule alikuwa mahali pengine. Kwa kawaida ni tajiri au msomi: daktari, mwandishi, wakili, mhakiki wa sanaa. Ndipo anaingia afisa wa polisi wa Los Angeles, Luteni Columbo, na koti la mvua lililokunjamana, sigara nene mkononi, nywele hazijaona kitana. Gari lake ni Peugeot 403 iliyochoka. Mbwa wake anaitwa Mbwa, hivyo hivyo tu. Mke wake anatajwa kila mara ila hatumwoni hata siku moja. Swali linakuwa: huyu mtu anayeonekana hajielewi atamnasaje yule aliyepanga kila kitu?

Tuanze na historia kidogo. Columbo alibuniwa na Richard Levinson na William Link, marafiki waliokuwa wakiandika pamoja tangu ujana wao. Alionekana kwa mara ya kwanza kwenye runinga mwaka 1960, akiigizwa na Bert Freed. Baadaye hadithi ile ikawa mchezo wa jukwaani, na mwaka 1968 ikawa filamu ya runinga, Prescription: Murder, ambamo Peter Falk alilivaa koti kwa mara ya kwanza. Mfululizo wenyewe ulianza Septemba 1971 kwenye kituo cha NBC ukaenda hadi 1978, kisha ukafufuliwa na ABC mwaka 1989, na kipande cha mwisho kikatoka 2003. Ukijumlisha vyote unapata 69, kila kimoja kirefu kama filamu. Mtindo wa kuanza na muuaji haukuanzia kwao, maana Mwingereza R. Austin Freeman alishautumia katika hadithi za kitabu chake The Singing Bone cha mwaka 1912. Ila Levinson na Link ndio walioufanya mamilioni ya watu wautazame sebuleni.

Sisi tuliokulia kwenye riwaya za Kiswahili tumezoea njia ile nyingine. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, Muhammed Said Abdulla anatuweka ubavuni mwa Najum. Tunaona anachokiona Bwana Msa lakini hatujui amekielewaje, mpaka mwishoni atufungulie. Raha yake ni ya kufumbuliwa fumbo. Kwa Columbo fumbo tumeshapewa likiwa limefumbuliwa, na raha iliyobaki ni ya kutazama akili ya mtu ikifanya kazi. Hizo ni raha mbili tofauti, na ya pili ndiyo inayostahimili kurudiwa.

Chukua kipande kilichofungua mfululizo, Murder by the Book, kilichoongozwa na Steven Spielberg akiwa bado kijana wa miaka ya ishirini. Waandishi wawili wanashirikiana kutunga riwaya za upelelezi. Mmoja, Jim Ferris, ndiye mwandishi hasa. Mwenzake, Ken Franklin, kazi yake ni kutabasamu mbele ya kamera na kula pesa. Jim anataka kujitenga. Ken anamchukua mpaka kwenye nyumba yake ya mapumziko, mbali na mji, anamwambia ampigie mkewe simu aseme bado yuko ofisini, kisha anampiga risasi simu ikiwa hewani. Mke anasikia mlio. Kwa hiyo dunia nzima inaamini Jim ameuawa ofisini, na Ken alikuwa mbali sana na ofisi. Baadaye maiti inakutwa kwenye bustani ya nyumba ya Ken mwenyewe.

Mpango mzuri, sivyo? Columbo anakuja kugundua kwamba Ken, baada ya kukuta maiti ya rafiki yake bustanini, alipata utulivu wa kufungua barua zake. Hilo tu. Hakuna damu, hakuna alama ya kidole. Ni binadamu aliyefanya jambo ambalo binadamu mwenye majonzi halifanyi. Ukitazama mara ya kwanza, zile barua unaziona kama pambo la chumba. Ukirudia, unaziona zinapiga kelele.

Hapa ndipo DVD inapoleta mabadiliko ambayo watazamaji wa 1971 hawakuyapata. Wakati ule tamthilia ilipita hewani usiku mmoja, na kama ulikwenda jikoni kuchukua maji, basi imekupita. Mashine ya Betamax ya Sony ilianza kuuzwa 1975, na VHS ikafuata. Kwa hiyo mtazamaji wa mwanzo alilazimika kumwamini Columbo aliposema kuna jambo aliliona mapema. Seti ya msimu wa kwanza, yenye vipande tisa, ilipotoka kwenye DVD mwaka 2004, ilimpa mtazamaji kitu ambacho mpelelezi yeyote angekitamani: uwezo wa kurudi kwenye eneo la tukio na kukagua.

Jaribu na Suitable for Framing, pia cha 1971. Natoboa mwisho, lakini nimeshakwambia kwamba huku kutoboa hakuui. Mhakiki wa sanaa, Dale Kingston, anamuua mjomba wake mwenye mkusanyiko mkubwa wa picha, anaufunika mwili kwa blanketi la umeme ili usipoe haraka na saa ya kifo ichanganye watu, kisha anaiba picha mbili za Degas. Nia yake ni kuzificha kwa mama yake mdogo, Edna, ili yule mama ndiye aonekane muuaji. Picha zinakutwa kweli kwa Edna. Mwishoni Columbo anasema kuna alama za vidole kwenye zile picha, na ni zake yeye Columbo. Alizigusa siku Kingston alipoingia nazo nyumbani kwake zikiwa ndani ya mkoba. Kingston anaruka: umezigusa sasa hivi, hapa hapa! Columbo anatoa mikono mifukoni taratibu. Amevaa glavu.

Mtu mwenye DVD hamalizii kwa kupiga makofi. Anarudisha nyuma mpaka pale nyumbani kwa Kingston na kuangalia: hivi kweli aligusa? Aligusa. Mkono unaingia kwenye mkoba mbele ya macho yetu, na Kingston anauvuta mkoba kwa hasira. Watunzi hawakutudanganya. Walituwekea jibu mezani, sisi tukawa tunaangalia koti. Kile kitufe cha kurudisha nyuma kinageuka kuwa mtihani kwa mtunzi, na vipande vingi vya miaka ya sabini vinaufaulu bila supu.

Kwa upande wangu kama mwanafunzi wa ualimu, kilichonishika zaidi ni namna huyu mtu anavyouliza. Kila aliyekwenda mazoezi ya kufundisha analijua swali la "mmeelewa?" na jibu lake la "ndiyooo" kutoka darasa zima, pamoja na wale waliolala. Ni swali ambalo jibu lake halimgharimu mtu chochote. "Wewe ndiye uliyeua?" ni swali la ukoo huo huo, maana jibu lake ni "hapana" na mazungumzo yamefungwa. Columbo halianzi hilo. Anauliza kuhusu begi, barua, kiatu, saa ya chakula. Katika Prescription: Murder, daktari wa akili amemuua mkewe na kudai alikuwa safarini. Columbo anashangaa tu kwa nini mizigo yake ilikuwa mizito wakati wa kwenda na myepesi wakati wa kurudi. Swali la namna hiyo haliwezi kujibiwa kwa ndiyo wala hapana. Linataka maelezo, na mwenye kutoa maelezo inabidi aonyeshe jinsi anavyofikiri. Halafu Columbo anaaga, anafika mlangoni, anageuka: kuna kitu kimoja kidogo kimesalia. Mshukiwa ameshashusha pumzi, ameshavua ngao. Swali la mlangoni ndilo linalouma.

Na kwa nini matajiri hawa wanaendelea kumjibu? Kwa sababu wanamdharau. Yule daktari wa akili anaing'amua siri hii mapema: anamwambia Columbo kwamba watu humhukumu kwa sura, naye ameigeuza kasoro hiyo kuwa silaha. Anaijua mbinu, anaieleza vizuri kuliko mhadhiri, na bado inamnasa. Kujiona mwenye akili kuliko anayekuuliza ni ugonjwa usiotibika kwa kuutambua tu. Wapo watu hata vyuoni, wenye vyeti ukutani, ambao hawawezi kuvumilia swali la mtu aliyevaa ndala. Tamthilia hii inawasubiri mlangoni.

Lakini tusiitazame kwa kushangilia tu. Kuna kitu cha hatari ndani yake, na kadiri unavyorudia ndivyo kinavyoonekana. Columbo mara nyingi anaanza kumshuku mtu dakika chache baada ya kumwona, kisha anamwandama: nyumbani, kazini, kwenye karamu. Anadanganya pia. Katika Death Lends a Hand, anamfanya mpelelezi wa kujitegemea aitwaye Brimmer aamini kwamba lenzi ya jicho ya marehemu imepotea, pengine imeangukia kwenye buti la gari lake. Gari hilo linaharibika na kupelekwa gereji, Brimmer anakwenda usiku kuitafuta lenzi, anakamatwa. Lenzi haikuwa imepotea. Na gari? Columbo anakiri kwa aibu ya uongo kwamba kuna mtu aliziba ekzosi kwa kiazi.

Tunacheka, na tunacheka kwa raha kwa sababu tulimwona Brimmer akiua. Kamera ilitupa hakika ambayo hakuna askari duniani aliyewahi kupewa. Ondoa zile dakika za mwanzo, halafu tazama kipande kizima upya: utaona askari anayemwandama raia kwa sababu ya hisia, anamtegea mitego, anamwingilia nyumbani bila kuchoka. Sheria nayo inapitiwa pembeni. Mwaka 1966, katika kesi ya Miranda, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mtu aliye mikononi mwa polisi lazima aambiwe haki yake ya kunyamaza na kuwa na wakili kabla ya kuhojiwa. Washukiwa wa Columbo hawako mikononi mwa polisi. Wako kwenye sofa zao, wamemkaribisha wenyewe, wanaongea kwa hiari. Ni ujanja wa kihadithi ulio sahihi kisheria, na unatufundisha bila kusema kwamba haki ya kunyamaza inamlinda yule anayekumbuka kunyamaza.

Hili halitokei Los Angeles peke yake. Fikiria chumba cha mtihani. Msimamizi ameona karatasi chini ya dawati, na mwanafunzi aliye karibu nayo anatetemeka. Kila aliyejifunza upelelezi kwenye runinga anajua maana ya kutetemeka. Lakini mtu hutetemeka pia kwa njaa, kwa woga wa kufukuzwa, kwa kukumbuka ada. Mbele ya kamati ya nidhamu hakuna kamera iliyoonyesha karatasi ile imetoka mfuko wa nani. Anayeuliza akiwa na jibu tayari kichwani atalipata jibu lake, liwe la kweli au la uongo. Na baada ya miaka michache sisi tunaosomea ualimu ndio tutakaokuwa tumesimama pale mbele, tukiamua mtoto gani kaiba peni ya mwenzake.

Kwa hiyo ukipata vipande hivi, vitazame mara mbili. Mara ya kwanza kaa upande wa Columbo na ufurahie, maana Peter Falk, aliyefariki 2011 akiwa na miaka 83, alimwigiza kwa upole ambao si rahisi kuupata. Mara ya pili mwombe rafiki ambaye hajawahi kuona kipande hicho aingie baada ya mauaji, asione kilichotangulia. Mwache amtazame huyu mwenye koti akimzonga mtu mwenye heshima zake, kisha umuulize anamwamini nani, na kwa ushahidi upi. Usimwambie jibu haraka. Msikilize kwanza anavyofika kwenye lake.