Ganzi ya katheta mgongoni: kinga kwa mzee mwenye moyo dhaifu

UPASUAJI si jambo geni katika nchi ya Gusii. Kabla ya hospitali kufika Kisii na Nyamira, ababari walikuwa wakifungua fuvu la aliyejeruhiwa kichwani. Walichokosa ni ganzi ya kisasa, na hadi leo ganzi ndiyo mara nyingine huamua iwapo mzee aliyevunjika nyonga atapasuliwa.

Mgonjwa mwenye moyo dhaifu huweza kuhatarishwa na nusukaputi. Sindano moja ya mgongo, wanayodungwa akina mama wengi wanaojifungua kwa upasuaji, nayo ina udhaifu wake: dawa yote huingia kwa mkupuo, shinikizo la damu laweza kushuka ghafla, na ganzi huisha baada ya muda wa saa chache tu.

Njia nyingine ni kuacha mpira mwembamba, yaani katheta, ndani ya mgongo. Mgonjwa hukaa au hulala ubavu akijikunja, na ngozi husafishwa kwa dawa ya kuua viini. Sindano hupitishwa baina ya pingili ya tatu na ya nne ya kiuno, au ya nne na ya tano. Hapo pana usalama, kwani ugwe wa mgongo wa mtu mzima kwa kawaida hukomea juu zaidi, karibu na pingili ya kwanza au ya pili.

Maji maangavu yakitoka, katheta hupenyezwa sentimita 2 hadi 3. Kisha sindano huondolewa, katheta hubandikwa, na dawa hutiwa kidogo kidogo huku shinikizo la damu likipimwa.

August Bier wa Ujerumani alianzisha ganzi ya mgongo mwaka wa 1898, naye Edward Tuohy wa Marekani akaieneza katheta katika miaka ya 1940. Hata hivyo, mwaka wa 1992 Marekani iliondoa sokoni katheta nyembamba mno, baada ya dawa kukusanyika mahali pamoja na kudhuru neva za wagonjwa.

Hatari nyingine ni maumivu ya kichwa, maambukizi na kukosea katheta. Ile ya nje ya utando wa ugwe hupokea dawa takriban mara kumi zaidi. Kipimo hicho kikitiwa katika hii, mgonjwa aweza kuacha kupumua. Ndiyo maana sharti katheta iandikwe jina waziwazi, na mtaalamu asibanduke kando ya mgonjwa.