Redio ya Siku ya Tufani

Tarehe 26 Desemba 2004, yapata saa kumi kasoro dakika mbili za usiku kwa saa za Afrika Mashariki, ardhi ilitetemeka chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia. Wimbi la tsunami lililozaliwa na tetemeko hilo liliivuka Bahari ya Hindi kwa kasi inayokaribia ile ya ndege, na hata hivyo lilichukua saa saba na zaidi kufika pwani ya Afrika. Wimbi la redio huvuka umbali huo, yapata kilomita 6,000, kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Nchini Kenya habari ziliwahi, watu wakaondolewa ufukoni, na aliyepoteza maisha alikuwa mtu mmoja. Somalia ilipigwa kwa nguvu zaidi, na wala hapakuwa na mfumo wa kuwaonya wavuvi na jamaa zao. Huko walikufa karibu watu 300.

Tsunami ni nadra pwani kwetu. Tufani si nadra kama tunavyodhani. Mwezi Aprili 1872 tufani iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Aprili 1952 nyingine iliubomoa mji wa Lindi. Na tarehe 4 Mei 2024 tufani Hidaya iliingia Mafia, baada ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kuifuatilia na kuitolea taarifa kwa siku kadhaa. Taarifa hizo zina faida kwa yule tu zinayemfikia. Kusini zaidi, huko Beira, Msumbiji, tufani Idai ya Machi 2019 ilikata umeme na kunyamazisha simu kwa siku kadhaa, hata wakazi wa mji mkubwa namna ile wakawa hawajui yaliyotokea kilomita chache kutoka kwao. Simu ya mkononi inategemea mnara ulio karibu, na mnara unategemea umeme. Redio inaweza kumsikiliza mtangazaji aliye mbali na maafa. Hiyo ndiyo sababu ya kuwa nayo nyumbani na shuleni.

Lakini ni redio ipi? Madukani zimejaa redio zinazoitwa za dharura, zenye tochi, king'ora, paneli ya jua, kipini cha kuzungusha na mahali pa kuchajia simu. Mnunuzi huhesabu vitufe, akachagua yenye vitufe vingi. Mwanafunzi wa fizikia angeuliza maswali mawili tu: ni mawimbi gani yatakayofika hapa siku hiyo, na nishati ya kuyasikiliza itatoka wapi?

Tuanze na mawimbi. Matangazo ya FM husafiri katika masafa ya megahezi 87.5 hadi 108. Urefu wa wimbi katika mita hupatikana kwa kugawanya 300 kwa megahezi. Kwa megahezi 100 tunapata mita 3. Mawimbi mafupi kiasi hicho huenda karibu katika mstari ulionyooka, wala hayapindi sana kuufuata mviringo wa dunia. Umbali yanakofika, kwa kilomita, hukadiriwa kwa kuchukua kipeuo cha pili cha urefu wa mnara katika mita, kujumlisha kipeuo cha pili cha kimo cha antena ya msikilizaji, kisha kuzidisha jumla hiyo kwa 4.1. Mnara wa mita 100 na redio iliyo mita 1 juu ya ardhi hutupa 4.1 mara 11, yaani kilomita 45. Mlima ukiwa katikati, umbali hupungua. Basi msikilizaji wa FM hutegemea mtambo ulio jirani naye, na tufani inayomfikia yeye yaelekea kuufikia na mtambo huo.

Mawimbi ya kati, yaliyoandikwa MW au AM kwenye redio, yana urefu wa mamia ya mita. Haya hutambaa juu ya uso wa ardhi, na hutambaa vizuri zaidi juu ya maji ya bahari, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme. Usiku jambo jingine huongezeka: tabaka la chini la ionosfera, ambalo mchana huyameza mawimbi hayo, hutoweka jua likizama, nayo mawimbi hupaa mpaka tabaka za juu na kurudishwa chini mamia ya kilomita mbali. Mawimbi mafupi, yenye alama ya SW, huweza kurudishwa hivyo usiku na mchana na kuvuka mabara. Siku ambayo mitambo yote ya mkoa imezimika, sauti itakayosalia itatoka mbali kwa njia hizi. Ni kweli kwamba vituo vingi vimehamia FM na kuiacha mitambo ya mawimbi ya kati. Ndiyo maana nasema redio ichaguliwe kwa kusikiliza, si kwa kusoma maandishi ya sanduku. Iwe na FM kwa sababu ndiko vituo viliko, na iwe na MW na SW pia kwa sababu FM ndiyo ya kwanza kupotea.

Kuna kitufe kimoja ambacho hakifai kulipiwa fedha. Redio nyingi za dharura zimebuniwa kwa soko la Marekani, nazo zina alama ya WB. Huko na Kanada, masafa ya megahezi 162.400 hadi 162.550 yametengwa kwa matangazo ya hali ya hewa, yanayorushwa usiku na mchana. Pwani ya Afrika Mashariki kitufe hicho kitakupa mvumo tu.

Sasa nishati. Redio ndogo, ikiwa sauti ni ya wastani, hutumia yapata wati 0.2. Betri mbili ndogo za alkali (watu wengi huziita mawe) zina nishati ya wati-saa 6 hivi. Gawanya: saa 30 za kusikiliza. Ukiifungua redio dakika kumi tu kila saa, wakati wa taarifa, betri hizo mbili zitakuvusha juma zima na kitambo zaidi.

Linganisha na kipini. Mtu akizungusha dainamo ndogo kwa dakika moja na kuhifadhi wati 2, amepata jouli 120, ambazo ni dakika 10 za kusikiliza. Si haba. Lakini betri ya simu ya siku hizi hubeba wati-saa 15 hivi. Kwa kipini hichohicho mkono ungezunguka saa saba na nusu bila kupumzika, hata tusipohesabu nishati inayopotea njiani. Ahadi ya kuchaji simu kwa mkono ni ya kumpigia mtu mmoja simu fupi. Tochi ya wati 1 nayo hula mara tano ya redio. Tochi iwe chombo chake mbali.

Na jua? Saa sita mchana, mbingu zikiwa safi, mita moja ya mraba hupokea yapata wati 1,000. Paneli ya sentimita 4 kwa 10 hupokea wati 4, na ikigeuza asilimia 15 kuwa umeme, tunapata wati 0.6. Chini ya mawingu mazito ya tufani kiasi hicho hushuka hadi sehemu ya kumi au chini yake, yaani wati 0.06, isiyotosha hata kuiendesha redio. Paneli ni msaada wa siku zinazofuata, mbingu zikishafunguka.

Wazo la kipini lina historia inayotuhusu. Mwaka 1991 Mwingereza Trevor Baylis, aliposikia jinsi elimu ya UKIMWI ilivyokwama Afrika kwa watu kukosa umeme na fedha za betri, alibuni redio iliyotiwa kamani kama saa. Baadaye zikatengenezwa Cape Town. Redio zile zilikuwa kubwa na nzito, nazo zilifanya kazi moja tu. Nadhani waliozifuata kwa kuongeza ving'ora wamesahau shabaha.

Kwa hiyo mimi ningechagua redio inayotumia betri zinazouzwa katika duka la karibu, kipini kikiwa akiba ya betri zikiisha. Redio yenye betri ya ndani tu, isiyotolewa, huzeeka kabatini, na siku ya haja huwa imekufa kimya. Wala si lazima kila nyumba iwe na yake. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, Watanzania wapatao milioni mbili walijifunza katika vikundi vilivyoketi kuzunguka redio moja moja.

Kabla ya kununua, au katika kipindi cha fizikia, fanyeni jaribio. Chukueni redio mchana, kisha tena saa mbili usiku, mwingie katika chumba ambacho mngejihifadhi, zimeni taa za umeme maana baadhi yake huleta mikwaruzo, mkaandike kila kituo kinachosikika. Paa na kuta za bati hudhoofisha mawimbi. Sogeeni dirishani mkalinganishe. Kwa FM, vuteni antena hadi sentimita 75, ambayo ni robo ya wimbi la mita 3. Kwa MW, msishughulike na antena hiyo. Geuzeni redio yenyewe, kwa kuwa ndani mna fimbo ya feriti inayopokea vizuri ubavu wake ukielekea kituo, na kupoteza sauti ncha yake ikielekea huko. Kwa kugeuza hivyo wanafunzi wanaweza kutambua mstari ambao kituo kipo.

Orodha ya vituo vilivyosikika usiku na mchana, pamoja na masafa yake, ibandikwe mgongoni mwa redio. Betri zitolewe, kwa sababu zikivuja huila shaba ya ndani, ziwekwe katika mkebe uleule mkavu, na zijaribiwe kila mwaka mwanzoni mwa Machi, kabla masika hayajaanza.