Ufundi wa Singa (4): Mkia Tunaoutupa

Maonesho ya Nanenane yameniamshia ugonjwa wangu wa zamani. Katika viwanja vya John Malecela hapa Nzuguni nimesikia wataalamu wakisifu maziwa, nyama, ngozi, hata samadi. Mkia wa ng'ombe hakuna aliyeutaja. Basi kifungio cha bangili nilichoahidi kitasubiri. Mlionifuata tangu mwanzo mnajua tayari kuosha singa, yaani nywele za mkia, kwa magadi na kuzipanga kwa urefu.

Waingereza wa zama za Malkia Victoria hawakudharau unywele. Mumewe, Albert, alipofariki Desemba 1861, Malkia alikaa katika nguo nyeusi mpaka kifo chake mwaka 1901, na vito vilivyosukwa kwa nywele za marehemu, ambavyo vilikuwapo hata kabla yake, vikazidi kupendwa. Mwaka 1867 Mark Campbell alichapisha New York kitabu cha kujifunzia kazi hiyo. Wanunuzi hawakusukumwa na mapenzi peke yake. Ilivuma kwamba baadhi ya masonara walibadilisha nywele za mpendwa kwa nywele za mtu baki, ndefu na rahisi kusuka. Mjane aliyetaka uhakika alisuka mwenyewe.

Ila watu hao hao waliolilia kishungi cha marehemu wao waliweza kukata nywele za maiti ya mfalme wa watu. Aprili 1868, Tewodros II wa Uhabeshi alijiua huko Maqdala asitekwe na jeshi la Uingereza. Vishungi vyake vilichukuliwa, na vikakaa ugenini hadi 2019, Makumbusho ya Taifa ya Jeshi ya London yalipovirejesha. Mwanawe Alemayehu, aliyepelekwa Uingereza akiwa mtoto wa miaka saba, alifia Leeds mwaka 1879. Kishungi chake kilitunzwa na ukoo wa Kapteni Speedy, mlezi wake, kikakabidhiwa kwa Waethiopia mwaka 2023. Mifupa yake bado iko Windsor. Anayejifunza ufundi huu aanze kwa kuuliza nywele ni za nani na nani kazitoa. Mimi simfundishi asiyeuliza.

Nasi Ugogo tulikuwa na yetu. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika jinsi vijana wa Kigogo walivyorefusha nywele kwa kuzisokota pamoja na nyuzi za gome la mbuyu. Na usinga, ambao Mzee Jomo Kenyatta aliutembeza mbele ya dunia nzima, umetokana na mkia. Leo binti wa Nzuguni anasuka rasta za plastiki kutoka ng'ambo, vidole vikienda kama cherehani, na machinjioni mkia unaishia jalalani. Hatukosi mikono; tunaona haya vya kwetu.

Kazi yenyewe ni hii. Tafuta kigoda kirefu chenye tundu katikati. Hesabu singa ishirini kwa kila uzi, pungufu kama ni nene, kisha funga nati ndogo kwenye ncha ya kila uzi ili uning'inie ukingoni. Ncha za pili zifunge pamoja, zishuke tunduni zikivutwa na jiwe. Simamisha waya mnene hapo kati, halafu pishanisha nyuzi kuuzunguka, mbili mbili, bila kuruka zamu. Ukifika mwisho, chemsha suko lote pamoja na waya wake kwa dakika 10 hadi 15, likauke kwa moto wa taratibu, ndipo uchomoe waya. Ukiuchomoa kabla halijakauka, suko litalegea.

Walioniuliza kuhusu bangili za singa za tembo: Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inahesabu hata nywele za mnyamapori kuwa nyara, na kuwa nazo bila kibali ni kosa. Ng'ombe hana kesi. Mwombeni mchinjaji wenu mkia mmoja kabla ya wiki ijayo, tutakaposhika kifungio.