Matone ya Kano na hofu ya ugumba

 

Ndugu msomaji, ni maneno machache yanayomshtua mzazi kama kuambiwa kuwa binti yake hatazaa. Ndiyo maana kila chanjo mpya inapoletwa, neno la ugumba hufika nyumbani kabla ya muuguzi. Wanaoliogopa hatuwalaumu. Kuhifadhi kizazi ni miongoni mwa makusudio matano ya sharia aliyoyataja Imamu Ghazali, pamoja na kuhifadhi dini, nafsi, akili na mali. Lakini je, habari yenyewe ni ya kweli? Tuitazame katika mji wa Kiislamu ulioiamini na kuifanyia kazi: Kano, kaskazini mwa Nigeria.

Mwaka 2003 ilienea habari huko kuwa matone ya polio yametiwa dawa ya kufunga uzazi, ili mabinti wa Kiislamu wakikua wasizae. Miongoni mwa walioitangaza alikuwa Dk. Datti Ahmed, kiongozi wa Baraza Kuu la Sharia la Nigeria, naye mwenyewe ni daktari wa tiba. Serikali ya jimbo ikasimamisha chanjo kwa takriban miezi 11.

Watu wa Kano hawakuwa wakiota ndoto za mchana. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Marekani ya Pfizer ilijaribu dawa yake ya Trovan kwa watoto wa mji huo. Jaribio lilihusisha watoto wapatao 200, na 11 wakafariki dunia. Wazazi walilalamika kuwa hawakuelezwa kuwa ni majaribio. Kampuni ilikana kosa, kisha mwaka 2009 ikakubaliana na serikali ya jimbo kulipa dola milioni 75. Aliyewahi kuumwa na nyoka, akiguswa na ung'ongo hushtuka, nasi tusimcheke. Lakini kushtuka si ushahidi kwamba ung'ongo ni nyoka.

Mwezi Julai 2004 Gavana Ibrahim Shekarau aliruhusu chanjo irejee, baada ya kupatikana matone yaliyotengenezwa Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi. Alisimama hadharani binti yake akapewa matone hayo. Kwa wakati huo virusi vilikuwa vimekwishasafiri. Viliingia Sudan, vikavuka bahari hadi Yemen, na mwaka 2005 vikafika Indonesia yenyewe, ambayo ilikuwa imekaa miaka 10 bila polio. Zaidi ya watoto 300 walipooza huko, na wataalamu walipovichunguza virusi hivyo walikuta asili yake ni Nigeria. Watoto hao wa Indonesia wengi wao walikuwa wa Kiislamu, kama walivyo wa Kano. Chanjo waliyodhulumiwa nayo hatuioni. Wamedhurika kwa kukosekana kwake.

Na ugumba je? Kampeni za matone barani Afrika zilianza kwa nguvu mwaka 1996. Mtoto wa kike aliyepewa matone kati ya mwaka huo na 2003 alikuwa, kufikia 2018, kijana au mama wa miaka ishirini na kitu. Mwaka huo huo wa 2018 ulifanyika utafiti wa kitaifa wa afya nchini Nigeria. Ukanda wa Kaskazini-Magharibi, ilimo Kano, ndio ulioongoza nchi nzima kwa uzazi, kwa wastani wa watoto zaidi ya 6 kwa kila mwanamke. Kama matone yale yalikusudiwa kufunga uzazi, mwenye hila hiyo alishindwa vibaya!

Hofu hii si ya Waislamu pekee. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walidai kuwa chanjo ya pepopunda waliyopewa wanawake ina homoni ya mimba, ili mwili uikatae mimba. Dai hilo lina chimbuko. Zamani watafiti, hasa nchini India, walijaribu kutengeneza chanjo ya kuzuia mimba kwa kuiunganisha homoni hiyo na sumu ya pepopunda iliyopozwa. Hiyo ilikuwa dawa nyingine, ya majaribio. Chanjo ya pepopunda apewayo mjamzito kliniki humkinga yeye na kichanga chake, ambaye kitovu kikikatwa kwa wembe mchafu huweza kufa ndani ya siku chache.

Kwetu Tanzania mjadala umehamia kwenye chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa nchi nzima kwa wasichana mwaka 2018. Hapa mambo yamegeuzwa juu chini. Kinachomnyima mwanamke uzazi ni saratani yenyewe, kwani tiba yake mara nyingi ni kuondolewa mfuko wa uzazi au kupigwa mionzi. Wapo wanaosema, binti yangu ana heshima zake, chanjo ya nini? Binti huyo ataolewa, na virusi hivyo anaweza kuvipata ndani ya ndoa ya halali, kutoka kwa mume ambaye hata yeye hajui kuwa anavyo.

Hatusemi kuwa chanjo haina maudhi. Mkono huuma, homa hupanda, na kwa nadra sana hutokea madhara makubwa zaidi. Mahujaji wetu, wanaume kwa wanawake, huchanjwa homa ya uti wa mgongo kila mwaka kabla ya safari, na hatujasikia Hijja ikilaumiwa kwa ugumba.

Katika Suratul Hujurat, aya ya 6, Allah (S.W.) anawaamrisha waumini waichunguze habari wanayoletewa, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakajuta. Basi mama mwenye shaka asione haya kliniki. Aulize: chanjo hii inaitwaje, inakinga nini, ina maudhi gani, na mwanangu akipata homa nimrudishe lini? Muuguzi anawajibika kumjibu kwa upole, bila kumkaripia mbele ya foleni.