Mashine ikusaidie, isikusemee

SIKU hizi si makampuni makubwa pekee yanayotangaza bidhaa zao katika mitandao ya kijamii. Muuza mitumba wa Gikomba ana ukurasa wake wa Facebook, fundi wa viatu huonyesha kazi yake Instagram, naye mama anayeoka keki mtaani hupokea maagizo kwa WhatsApp. Aghalabu kazi ya kuuendesha ukurasa huo humwangukia kijana wa nyumba hiyo aliye chuoni, kwa kuwa ndiye "anayejua mambo ya simu". Mchana yuko darasani, jioni ana vitabu vyake, na wateja nao wanataka wajibiwe papo hapo.

Basi si ajabu kwamba wengi wameanza kutumia programu zinazojiendesha. Kwa mfano, Meta Business Suite hukuwezesha kuandika matangazo ya wiki nzima kwa kikao kimoja, kisha kila tangazo likatoka kwa saa uliyoipanga. Programu ya WhatsApp Business, iliyoanza mwaka 2018, humsalimu mteja mpya, humwarifu kwamba mmefunga, na hukuwekea majibu mafupi ya maswali yanayoulizwa kila siku. Huduma hizo za kimsingi hazilipishwi. Halafu kuna roboti za mazungumzo, ambazo hulisoma swali la mteja na kutunga jibu zenyewe.

Hapana shaka huo ni msaada mkubwa. Lakini jina la biashara ni mali, na wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Je, ni kazi gani unayoweza kuikabidhi mashine bila ya kulihatarisha jina hilo? Tuyatazame yaliyowakuta wakubwa, wenye pesa na wataalamu tele.

Tangazo lililotoka siku mbaya

Januari 2013, iligunduliwa kwamba baadhi ya nyama iliyouzwa Uingereza na Ireland kama ya ng'ombe ilikuwa imechanganywa na ya farasi. Miongoni mwa maduka yaliyohusika ni Tesco. Siku chache baadaye, akaunti ya Tesco katika mtandao wa Twitter, ambao sasa unaitwa X, iliwaaga wateja usiku ikisema kuwa wahudumu wanakwenda kulala. Msemo wa Kiingereza uliotumiwa unataja nyasi kavu, yaani chakula cha farasi! Watu walidhani wanachezewa shere. Tesco iliomba radhi na kueleza kwamba ujumbe huo ulikuwa umepangwa kabla ya habari hizo kujulikana.

Ona hapo, msomaji. Ujumbe wenyewe haukuwa na ubaya wowote siku ulipoandikwa. Ni dunia iliyobadilika, na mashine haisomi magazeti. Hapa kwetu, fikiria siku ya Juni 25, 2024, waandamanaji walipoingia Bunge jijini Nairobi na watu wakauawa. Tangazo la mzaha lililopangwa Jumatatu likitoka saa kama hiyo, nani atakuamini ukisema hukujua?

Mashine haioni haya

Novemba 2014, timu ya New England Patriots ya Marekani ilifikisha wafuasi milioni moja Twitter. Kwa furaha, iliweka programu ya kuwashukuru mashabiki kwa kuwatumia picha ya jezi yenye jina la akaunti ya kila mmoja. Mtu mmoja alikuwa amejipa jina la matusi ya ubaguzi wa rangi. Programu ikalichapa jina hilo kwenye jezi na kulitangaza kwa dunia nzima. Timu ilibidi kuomba msamaha.

Machi 23, 2016, kampuni ya Microsoft nayo ilizindua roboti iliyoitwa Tay, iliyokusudiwa kujifunza kwa kuzungumza na vijana. Wakorofi waliilisha maneno ya chuki, nayo ikayarudia. Haikumaliza hata siku nzima kabla ya kuzimwa.

Mtu mzima akilisikia tusi hushtuka, lakini programu huona herufi tu. Ndiyo maana si busara kuiruhusu irudie hadharani lolote linaloandikwa na mpita njia.

Ahadi ya roboti ni ahadi yako

Kisa cha tatu ni cha pesa. Abiria mmoja wa shirika la ndege la Air Canada alifiwa na nyanya yake mwaka 2022. Roboti katika tovuti ya shirika hilo ilimweleza kwamba angeweza kusafiri kwanza, kisha aombe nafuu ya nauli inayopewa wafiwa. Aliporudi na kuomba, aliambiwa kuwa utaratibu hauko hivyo. Mbele ya baraza la maamuzi, shirika lilijitetea kwamba roboti hiyo inawajibika yenyewe kwa maneno yake. Februari 2024 baraza lilikataa hoja hiyo na kuamuru abiria alipwe jumla ya zaidi ya dola 800 za Kanada.

Uamuzi huo ni wa huko Kanada, lakini funzo lake halina mipaka. Mteja wako hajui aliyemjibu ni wewe, mwanao au programu. Anajua tu kwamba "duka limesema". Jibu uliloliweka mwezi jana likiendelea kutaja bei ya zamani ilhali unga umepanda, atakushikilia kwa bei hiyo, na atakuwa na haki.

Gawa kazi ipasavyo

Kwa hivyo, ipe mashine yale yasiyobadilika: saa za kufungua na kufunga, mahali mlipo, njia ya kulipa, na matangazo ya kawaida. Yale ya binadamu yashike mwenyewe: malalamiko, pesa zilizopotea, mzigo uliochelewa, na mteja aliyefiwa au anayeuguza. Mtu aliyelipa keki ya arusi na haijafika hataki kusalimiwa na roboti.

Usipange matangazo ya muda mrefu, wiki moja yatosha. Kila asubuhi, kabla ya tangazo la kwanza kutoka, sikiliza habari kisha uyapitie yaliyopangwa. Likitokea jambo zito, sitisha yote kwanza, uyachague upya baadaye.

Mwambie mteja ukweli kwamba jibu hilo limetoka kwa mashine, na umtajie saa ambayo mtu atamjibu. Kisha mjibu saa hiyo. Zamani mwenye duka alitundika kibao mlangoni, "Narudi sasa hivi". Kama hakurudi, wateja walizoea duka la jirani.

Jiepushe pia na programu za kununua wafuasi au kumfuata kila mtu. Kanuni za X na Instagram zinazikataza, na akaunti yako yaweza kufungwa. Wala usikusanye nambari za watu na kuwamiminia matangazo, maana Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 hairuhusu habari za mtu zitumiwe kibiashara bila idhini yake au ya sheria.

Mwisho, wazazi, msimwachie kijana funguo zote. Nywila zijulikane na watu wawili, na wote wawe wanajua jinsi ya kuyasitisha matangazo. Siku kijana atakapokuwa katika chumba cha mtihani na simu yake imezimwa, programu itaendelea kusema kwa jina la familia yenu, na lazima awepo mtu nyumbani wa kuinyamazisha. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, hata kama ulimi wenyewe ni wa mashine.