Kwa nini watia nia wa urais CCM hawabanwi kwenye mdahalo? Mfano wa Singida

Marekani, watia nia wa chama cha Republican husimama jukwaa moja na kubanwa kwa maswali. Kesho yake kila mtu ana mshindi wake.

Mkoa wa Singida nao uliwahi kuwa na watia nia wawili wa urais kwa mpigo ndani ya CCM. CCM haikuwaandalia mdahalo wa kuwapima.

Ilikuwaje?

Ni 2015. Lazaro Nyalandu, Waziri wa Maliasili na Utalii na mbunge wa Singida Kaskazini, alichukua fomu. Mwigulu Nchemba, Naibu Waziri wa Fedha na mbunge wa Iramba Magharibi, naye akachukua. Kwa jumla makada 42 walichukua fomu, 38 wakarudisha.

Kazi waliyopewa ilikuwa kusaka wadhamini 450 katika mikoa 15. Yaani unafika, unasalimia, fomu inasainiwa, safari inaendelea.

Nani aliamua?

Vikao vya Dodoma, Julai 2015. Kamati Kuu ilibakiza majina 5, Halmashauri Kuu ikabakiza 3, kisha Mkutano Mkuu ukapiga kura. John Magufuli alipata 2,104, Amina Salum Ali 253 na Asha-Rose Migiro 59. Nyalandu na Mwigulu walikatwa mapema, hata tano bora hawakuingia.

Mwananchi alikosa nini?

Chukua mkulima wa alizeti wa Iramba. Bei yake huyumba mafuta ya kula ya nje yakijaa sokoni. Mmoja wa watia nia alikuwa Wizara ya Fedha, kwenye mambo ya ushuru. Mwingine alikuwa waziri kwenye Baraza la Mawaziri. Mkulima huyo hakupata nafasi ya kuwauliza wote swali moja na kulinganisha majibu.

Wanaoutetea utaratibu huu wanasemaje?

Hoja yao ni kwamba ndugu wakigombana hadharani, anayefaidi ni jirani. Mambo ya chama yamalizwe kwenye vikao.

Lakini 2015 ugomvi ulitoka nje hata bila mdahalo. Jina la Edward Lowassa lilipokatwa, wajumbe watatu wa Kamati Kuu walijitenga hadharani na uamuzi huo. Kabla Julai haijaisha Lowassa akahamia Chadema, na Oktoba akapata karibu asilimia 40 ya kura za urais.

Upinzani je?

Singida ilirudi tena ulingoni 2020, safari hii ndani ya Chadema. Tundu Lissu, mzaliwa wa Ikungi, alipata kura 405. Nyalandu, ambaye alishahama CCM, alipata 36 na Maryrose Majige 1. Matokeo yalitangazwa, ila waliopiga kura ni wajumbe tu.

Na sasa?

Januari 2025 Mkutano Mkuu wa CCM ulimpitisha Rais Samia Suluhu Hassan moja kwa moja. Hata ile hatua ya watia nia kuzunguka mikoani na fomu haikuwepo.

Kwa hiyo ukisikia watu wa Singida mjini au Kiomboi wakibishana nani angefaa, ujue wanabishana kwa sifa na tetesi. Utaratibu wa chama haukuwapa majibu ya watia nia wenyewe wakiwa wamekaa meza moja.